Hatutalala kwa Mchanga

Kura niliiona. Niliweka picha mbili. A ilikuwa shamba la mjomba wangu, ardhi nyekundu, miembe, na mbuzi mmoja anaangalia kamera kama anadai pesa. B ilikuwa ule mchanga kando ya mto Thuchi, msafi, mweupe, maji yanapita polepole na jua linazama. Nikauliza tuweke tenti wapi. Karibu nyinyi wote mkasema B. Hata binamu yangu, mtu aliyekulia huko, alichagua B.

Jibu langu ni hili: hatutalala kwa mchanga. Mchana tutashuka, tutapiga picha, tutakaa na miguu kwa maji mpaka vidole vikunjamane. Saa kumi na moja jioni kila mtu anapanda kwa mjomba. Nimeandikiwa inboksi ati naua vaibu. Mwingine ameandika, "Si uliuliza maoni yetu?" Niliuliza, na nimeyasoma. Lakini watu kumi na mmoja wamenitumia pesa kwa M-Pesa, na mtu akikutumia pesa ukamlaze mahali, kura haiwezi kukuondolea huo mzigo. Kwa hivyo nitaeleza hesabu yangu yote, halafu anayetaka kutoka atoke.

Kwa wale wageni hapa: mimi ni mtoto wa Embu, mama Mmbeere, baba Mmeru, naishi Nairobi kwa bedsitter yenye ukubwa wa friji. Tangu mwezi wa sita nimekuwa nikisema tuache kuzunguka Karura na Ngong kila wikendi kana kwamba Kenya imeishia Thika Road. Nyumbani kwetu kuna mlima, kuna mito inatoka kwa huo mlima, kuna vilima vimepangana kama watu wanangoja ugali. Watu wakasema tupeleke basi. Tarehe tuliyokubaliana ni Ijumaa 10 Oktoba, siku ya Mazingira, mpaka Jumapili. Usiku mbili.

Mahali pa kwanza palikuwa Meru National Park. Nilitaka sana. Ndiko Elsa amezikwa, yule simba wa akina Adamson, na kuna kambi ya umma inaitwa Bwatherongi. Lakini ndani ya mbuga huwezi kutembea tu na miguu, unahitaji gari, na si gari lolote. Ukijumlisha gari, ada ya kuingia na ada ya kambi, mara mbili kwa siku mbili, nusu yenu mngeniblock. Hiyo tutaifanya siku mmoja wetu akiolewa na mtu wa Land Cruiser.

Pa pili palikuwa Chogoria, ile njia ya kupanda Mlima Kenya kutoka upande wa mashariki. Mlango wa mbuga uko karibu mita 3,000 juu ya bahari. Nimeona blanketi mnazomiliki. Usiku pale juu baridi inakaribia barafu, na wengi wenu mnasema "naskia baridi" Nairobi mwezi wa saba mkiwa ndani ya nyumba. Tena kulala pale ni lazima ulipie mbuga. Hapana.

Basi tukabaki na Mbeere. Chini, joto, karibu na Ishiara, kwa shosho na mjomba. Hakuna ada ya mlango, choo kipo, maji ya kunywa yapo kwa tangi, na kuna watu wanaojua jina langu hata nikipotea. Watu wengi wa Nairobi wakisikia Embu wanafikiria majani chai na ukungu. Hiyo ni Embu ya juu, Manyatta na Runyenjes. Ukiteremka Siakago na Ishiara, nchi inageuka kabisa: mawe, miiba, muguka, mtama, mbuzi. Vilima vinabaki lakini vinakauka. Mimi napenda hapo kuliko kule kwa chai. Jioni upepo ukianza, harufu ya ile vumbi na majani makavu, siwezi kuiweka kwa video. Nimejaribu.

Sasa turudi kwa mto, kwa sababu ndio shida.

Thuchi hautoki Mbeere. Unatoka juu, kwa Mlima Kenya, unashuka ukiwa mpaka kati ya Embu na Tharaka Nithi, unapita huko kwetu, halafu unaenda kujimwaga Tana. Kilele cha Batian kiko mita 5,199. Ishiara iko chini ya mita 1,000. Hebu fikiria mteremko huo wote. Maji yakianguka kule juu hayana kazi nyingine isipokuwa kuja kwenu.

Ndiyo maana "lakini Mbeere hakujanyesha" si jibu. Mnaniambia hivyo kila siku. Mnaangalia simu, mnaandika Ishiara, simu inaonyesha jua, mnanitumia skrinshoti na emoji ya miwani. Lakini mvua ya Ishiara si ndiyo itatuamsha. Mvua itakayotuamsha inanyesha kule kwa msitu, kilomita nyingi kutoka tulipo, saa nne usiku, sisi tukiangalia nyota na kusema anga ni safi. Na Oktoba ndiyo ile mvua fupi inaanza kujipanga. Inaweza kuchelewa, inaweza kuwahi. Tarehe kumi iko pale pale mlangoni.

Nilimuuliza mjomba, sikutaka kuongea kwa hisia. Yeye amelima kando ya ule mto maisha yake yote. Nikamwambia, "Anko, marafiki zangu wanataka kulala pale kwa mchanga." Akanyamaza kidogo, akaniuliza swali moja: "Huo mchanga wanafikiri uliletwa na lori?"

Nikakosa la kusema.

Mchanga uliletwa na mto. Pale ni mahali mto hulala wakati umeshiba. Ukiona mahali pamenyooka, pasafi, hakuna nyasi wala kichaka, kando ya maji, si Mungu alikutandikia. Ni mto ulifagia. Mjomba akanionyesha kwa video call mti mmoja kwa ukingo, juu ya kichwa cha mtu mrefu, umenasa takataka: vijiti, majani ya migomba, kipande cha gunia. Migomba haiko pale karibu. Ilitoka juu, kwa mashamba ya watu wengine, ikaletwa na maji yaliyofika urefu huo. Nilipiga skrinshoti. Nitaiweka kwa grupu, muiangalie vizuri kabla ya kuniandikia tena kuhusu vaibu.

Na si hadithi za wazee tu. Hell's Gate, kule Naivasha, vijana wa kanisa walikuwa matembezini mwaka wa 2012 kwa ile korongo, maji yakaja ghafla, saba wakafa. 2019 ikatokea tena, korongo lile lile, watalii na kiongozi wao. Desemba 2021, ng'ambo ya Tana upande wa Kitui, basi la watu wakienda harusi lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, watu zaidi ya 30 wakafa. 2024 nyote mnakumbuka: Mai Mahiu, usiku, watu wamelala. Siku chache baadaye mto Talek ukavunja kingo kule Maasai Mara, kambi zaidi ya kumi zikaingia maji, na wageni wakaokolewa, wengine kwa helikopta. Hizo ni kambi za watu wenye doo, wenye wafanyakazi, walinzi, redio za mawasiliano. Sisi tuna tenti sita za kukodisha na spika ya Bluetooth.

Kuna kitu kinaniudhi kuhusu sisi wenye kurasa hizi, na ninajihesabu humo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Picha ya tenti kando ya maji inapata likes. Tenti kwa shamba la mwembe, na choo cha shimo kwa mbali, haipati. Kwa hivyo wote tunaposti ile ya maji. Wewe ukiwa Umoja ama Kahawa West unaona kumi kama hizo, unajua hivyo ndivyo watu hulala. Hakuna anayeandika chini ya picha kwamba walipiga saa kumi na mbili jioni halafu wakahamisha. Mimi nitapiga hiyo picha. Nitaipanga vizuri, tenti ya rangi ya machungwa, moto kidogo, yote. Halafu nitaandika chini yake kwamba hatukulala hapo, na mahali tulipolala nitawaonyesha pia, na mbuzi awemo.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na namba siijui. Mama. Hakusema hujambo. "Wewe ndiye unapeleka mtoto wangu msituni?" Nikamwamkia, nikamwambia jina langu, nikamweleza ni kwa shosho yangu, si msituni. Akauliza wazazi wangu wanajua. Nikasema ndiyo. Akauliza niko chuo gani. Nikasema niliacha mwaka wa pili. Hapo akanyamaza, na mimi hiyo nyamaza naijua, nimeisikia kwa kila harusi na kila matanga tangu niache. Ni kama mtu ameweka simu chini akaenda kuchukua kijiti.

Lakini hakukata. Akaanza kuuliza maswali, na niwaambie ukweli, yalikuwa maswali bora kuliko yote mmeniuliza nyinyi. Wasichana wangapi, wavulana wangapi, nani analala na nani kwa tenti. Gari ni la nani na dereva analala wapi. Mtu akiumwa na nyoka saa nane usiku mnafanya nini. Mto uko umbali gani kutoka mnapolala. Hilo la mto alilirudia mara mbili. Nikamjibu moja moja. Mahali ambapo sikuwa na jibu nikasema, "Hilo sijapanga bado, mama, nitakupigia," na jioni nikampigia. Akaniambia nimtumie namba ya shosho. Sasa wanaongea, kila jioni, wale wawili, mambo ya mbuzi na magoti. Sijui kama msichana wake anajua.

Kwa hivyo majibu niliyompa ndiyo nawapa na nyinyi.

Tunalala juu, shamba la mjomba, kutembea kama dakika kumi na tano kutoka mtoni, kupanda. Wasichana upande wa nyumba ya shosho, wavulana upande wa boma la mbuzi, na shosho amesema yeye hulala macho moja wazi. Chifu ameambiwa na mjomba, kwa sababu wageni kumi na wawili na tenti ni habari kule, na heri habari ifike kwa chifu ikiwa imenyooka. Ukiamka usiku kwenda choo unavaa viatu vilivyofungwa, si sandali, na unawasha tochi chini, si kwa uso wa mtu. Kifutu huwa hakimbii, hulala tu njiani akingoja umkanyage. Mtu akiumwa hatukati, hatunyonyi, hatufungi kamba, hatumtafutii jiwe jeusi. Tunamtuliza, asitembee, dereva anawasha gari, Ishiara kuna hospitali ya Level 4 na wakitupeleka mbele tunaenda Level 5 Embu. Ndiyo maana dereva hanywi. Dereva anajua hivyo, nimempigia mara tatu mpaka amechoka na mimi.

Dawa ya mbu ni lazima. Huku ni chini, kuna malaria. Wewe unayesema ngozi yako haipendi hizo dawa, beba neti.

Mtoni mchana tunaangalia maji. Mjomba amenipa dalili zake na ni rahisi: maji yakianza kubadilika rangi kuwa kahawia, majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, ama mlio ukibadilika, unatoka. Hauchukui viatu, haumalizi video, unapanda. Mlio ndio sikuuelewa, nikamuuliza unabadilika vipi. Akasema, "Utajua." Hiyo siwezi kuwaandikia. Atakuwa nasi mtoni, tutamskiza yeye. Hakuna kuogelea mahali pa kina, mahali palipochotwa mchanga hubaki mashimo usiyoyaona. Na tusijidai tutafuata mto mpaka Tana. Tana ina mamba na viboko na haina haja na sisi.

Hali ya hewa nitaangalia mimi, kuanzia Jumatatu, kwa Idara ya Hali ya Hewa. Lakini sitaangalia Ishiara. Nitaangalia kule juu, Chogoria, Chuka, Runyenjes. Wakisema mvua kubwa inakuja upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mtoni hatushuki hata mchana. Tutakaa kwa miembe tucheze karata. Wakisema mvua kubwa kila mahali, tunaahirisha, na pesa inabaki ya kwenu.

Safari ni mchana. Wale wawili mnatoka Meru mjini, mnapita Chuka, mnavuka daraja la Nithi. Julai 2022 basi liliporomoka pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Ile kona mnaijua. Sitaki mtu aniambie alipata matatu ya mwisho ya saa tatu usiku kwa sababu ni bei nafuu. Tokeni asubuhi, tukutane Embu mjini saa saba. Mkichelewa tutawangoja, kuna chapati.

Pesa sasa, kwa sababu kuna mtu ameandika kwa comments ati "huyu anakula doo za watu." Kila mmoja 3,500. Tuko kumi na wawili na mimi nikiwemo, nimelipa pia, jumla 42,000. Matatu ya viti kumi na vinne, kutupeleka, kungoja na kuturudisha, 18,000. Chakula 9,000, na humo kuna mbuzi mmoja mdogo, siyo yule wa picha. Tenti sita kwa usiku mbili 6,000. Shosho 3,000 ya maji, kuni na usumbufu, alikataa, mjomba akamwambia asikatae. Bandeji, dawa na tochi 1,000. Inabaki 5,000. Hiyo haiguswi, ni ya dharura, iko kwa laini ya binamu yangu si yangu. Isipotumika kila mtu anarudishiwa 400 na ile mia mbili inayobaki ninunulie shosho sukari. Ndiyo faida yangu yote. Nitapata video, sawa, na video ndiyo hunilipia nyumba. Hilo sijawahi kuficha.

Mama yangu mwenyewe bado haelewi. "Kwani hapa nyumbani hakuna kitanda?" Shosho naye alicheka sana nilipomweleza kwamba watu wanalipa ili walale nje. Babake alikuwa msituni wakati wa Mau Mau, alitoka huko na kifua kibovu. Akasema, "Watu walitoka msituni wakishukuru Mungu, nyinyi mnalipa nauli ya kurudi." Lakini ameshaanza kufagia uwanja. Mjomba anasema anafagia kila siku na bado wiki mbili.

Kuna watu wawili wametoka tangu nitangaze habari ya mchanga. Mmoja aliuliza vizuri, mwingine alinitusi kwanza. Wote nimewarudishia 3,500 kamili, na gharama ya kutuma nimelipa mimi. Kwa hivyo kuna nafasi mbili, na zikibaki wazi mpaka Jumatano nitapunguza chakula na tenti moja, tutakaa sawa. Yule mwenye matusi, ukibadilisha mawazo, njoo. Kuna kazi ya kuteka maji na ulisema uko gym.

Beba sweta moja ya usiku, viatu vilivyofungwa, tochi, dawa zako kama unatumia dawa, na namba ya mtu wa kwenu imeandikwa kwa karatasi, si kwa simu tu. Simu huisha chaji. Spika tunabeba moja, na saa nne inazimwa, mbuzi wanalala.